Korona haikuwaandama sana watoto. Kwa nini basi sisi wa hospitali za watoto tumechoka kiasi hiki?

NesiWaUsiku (Ohio, Marekani), Desemba 2022

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya watoto jimboni Ohio. Nilisomea uuguzi Kenya, nikafaulu mtihani wa leseni wa huku, na tangu hapo sijawahi kuuguza mtu mzima. Naleta swali ambalo ndugu zangu nyumbani, na hata wenzangu wa hospitali za watu wazima, huniuliza kila tunapozungumza, nami sijapata jibu linaloniridhisha. Wanasema korona iliwaua zaidi wazee na kuwapitia mbali watoto, kwa hiyo sisi tulikaa salama. Imekuwaje basi leo, watu walipokwisha kuvua barakoa na kurudi harusini, ndipo wauguzi wa watoto wanaacha kazi mmoja baada ya mwingine?

Ni kweli kwamba miezi ya kwanza ya janga, mwaka 2020, ilitukuta na vitanda vitupu. Shule zilifungwa, watoto wakakaa nyumbani, na baadaye hata msimu wa baridi ukapita karibu bila mafua wala RSV, kile kirusi kinachoziba vijia vya hewa vya watoto wachanga. Upasuaji usio wa dharura uliahirishwa, na kwa kuwa hospitali za Marekani hutegemea sana mapato ya upasuaji huo, baadhi yetu tulipunguziwa saa za kazi katika wiki zile zile ambazo televisheni ilikuwa ikituita mashujaa. Kisha yote yaliyoahirishwa yakarudi. RSV ililipuka kiangazi cha 2021, nje kabisa ya msimu wake. Likafuata wimbi la delta, aina mpya ya kirusi cha korona, shule zilipofunguliwa, wakati watoto walio chini ya miaka 12 walikuwa bado hawajaruhusiwa chanjo. Na msimu huu RSV, mafua na korona zimekuja pamoja, hata mwezi uliopita Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na chama cha hospitali za watoto viliiandikia serikali ya Rais Biden kuiomba itangaze hali ya dharura. Watoto wanasubiri kitanda katika idara ya dharura usiku kucha, na pembeni yao wamo vijana waliojaribu kujidhuru, wanaokaa kwetu siku nyingi kwa sababu hakuna kituo cha afya ya akili ya watoto chenye nafasi.

Mimi binafsi nilichukua likizo, nikalala vya kutosha, nikarudi kazini nikiwa nimechoka vilevile. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mzazi akilia mbele yangu namsikia kama mtu aliye chumba cha pili, nami naendelea kupanga sindano zangu. Sikuwa hivyo. Hospitali imetuletea piza, fulana zenye maneno ya kututia moyo, na programu ya simu ya kufundisha kupumua polepole. Sitaki kuonekana sina shukrani, lakini napumua vizuri tu.

Naomba kuuliza, hasa wale mliofanya kazi na watoto katika kipindi hiki, mahali popote: je, huu ni uchovu wa kawaida utakaokwisha, au ni kitu kingine? Na nini hasa kiliwasaidia, mbali na kuacha kazi?

BintiPangani (London)

Dada, pole sana, na hao wanaosema mlikaa salama wasamehe, kwa maana hawakuona. Mimi ni muuguzi wa watoto mahututi huku Uingereza. Aprili 2020 wengi wetu tulihamishwa kwenda kuuguza watu wazima, na jambo kama hilo lilitokea New York pia, ambako hospitali ya watoto ya Montefiore, pale Bronx, ilifungua wodi kwa ajili ya wagonjwa wazima wa korona. Mtu aliye nje hudhani muuguzi ni muuguzi. Lakini sisi tunapima kila dawa kwa kilo za mtoto, tunamgeuza mgonjwa kwa mikono miwili, tunazungumza na mama aliyekaa palepale kando ya kitanda. Ghafla tukawa mbele ya mtu wa kilo 100 anayehitaji timu nzima ili alazwe kifudifudi, mwenye kisukari, figo mbovu na orodha ya dawa ambazo hatujazigusa tangu chuoni, na jamaa zake wakimwona kupitia kioo cha tableti tunayoishika sisi. Nilikuwa na miaka mingi ya ujuzi na nikarudishwa kuwa mwanafunzi, katika mahali ambapo makosa ya mwanafunzi huua. Uchovu wangu ulianzia hapo, na wala si kwa watoto.

Wakati huohuo, katikati ya Aprili, madaktari wa watoto hapa London walianza kupokea watoto waliokuwa na afya njema kabla, wakiwa na homa isiyoshuka, upele, maumivu ya tumbo, na shinikizo la damu lililoporomoka. Ilikuja kujulikana kuwa ni mlipuko wa kinga ya mwili unaotokea wiki kadhaa baada ya mtoto kuambukizwa korona, hata kama maambukizi yenyewe hayakumwangusha. Kwa hiyo kauli kwamba watoto hawakuguswa ni kweli kwa hesabu za jumla tu. Kwetu sisi tuliokuwa na mtoto wa miaka minane kwenye dawa za kuinua shinikizo la damu, haikuwa na maana yoyote.

Lakini ukiniuliza ni kitu gani kilinimaliza, nitakuambia ni sheria ya mzazi mmoja. Hospitali nyingi ziliruhusu mzazi mmoja tu kando ya kitanda, na aliyewekwa mlangoni kuitekeleza alikuwa muuguzi. Baba na mama walipokezana maegeshoni, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie, na daktari akieleza matokeo mabaya, mmoja aliyapokea ana kwa ana na mwingine kwa simu. Ndugu wa mtoto hawakuingia kabisa. Tulifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba katika uuguzi wa watoto familia nzima ndiyo mgonjwa wako, kisha tukaagizwa kuizuia. Na barakoa nayo: mtoto wa miaka miwili husoma uso kabla ya kuelewa maneno, na sisi hatukuwa na uso. Najua sababu za sheria zile, na mwanzoni, kabla ya chanjo, sijui kama kulikuwa na njia nyingine. Ila zilidumu muda mrefu kuliko sababu zake, na hakuna aliyetuuliza sisi tuliozisimamia.

Kilichonisaidia ni kusema hayo mbele ya wenzangu, katika vikao ambavyo daktari bingwa, mfanya usafi na muuguzi hukaa pamoja kueleza namna kazi ilivyowagusa, bila kujadili matibabu. Hospitali nyingi za huku na za Marekani huviita vikao vya Schwartz, kwa jina la mgonjwa wa Boston ambaye shirika lililovianzisha linamkumbuka. Ulizia kama kwenu vipo.

Mwalimu_Saikolojia (Nairobi)

Nashukuru kwa mada hii. Nafundisha saikolojia na nitajibu swali la kwanza, yaani kama huu ni uchovu wa kawaida.

Uchovu wa kupindukia kazini ulianza kuandikwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliyeuona kwake mwenyewe na kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure. Christina Maslach na mwenzake wakaupatia kipimo mwaka 1981, chenye maswali 22, ambacho hutumika hadi leo. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari mwaka huu, linautaja kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukushughulikiwa, wala haliuhesabu kuwa ugonjwa. Una pande tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kifikra au kuitazama kwa kejeli, na kuona kwamba hufanyi tena lolote la maana. Dada NesiWaUsiku ameeleza upande wa kwanza anaposema kuwa usingizi haumpumzishi, na upande wa pili anapomweleza mzazi anayesikika kutoka mbali. Upande wa tatu hakuutaja, na namwomba ajichunguze kuuhusu, kwa maana mara nyingi ndio unaomsukuma mtu kuacha kazi.

Hata hivyo, aliyoyaandika BintiPangani ni kitu kingine kinachofanana na uchovu kwa nje. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, aliyefundisha maadili kwa wauguzi, aliandika juu ya dhiki ya kimaadili: mtu anajua jambo lililo sahihi, lakini taratibu za mahali pake pa kazi zinafanya iwe karibu haiwezekani kulitenda. Muuguzi anayemzuia baba mlangoni hajachoka kwa sababu ya wingi wa kazi. Ametenda kinyume cha anachokiamini, tena kwa mikono yake mwenyewe, na hilo halitibiwi kwa likizo wala kwa programu ya simu. Ndiyo maana naona swali la ndugu zako limekosewa tangu mwanzo: linahesabu vifo, ilhali katika wodi ya watoto kilichowaelemea wahudumu ni yale waliyolazimika kuyafanya na yale waliyozuiwa kuyafanya. Vijana wanaokaa siku nyingi katika idara ya dharura ni mfano huohuo. Oktoba 2021 vyama vya madaktari wa watoto na wa akili za watoto nchini Marekani, pamoja na chama cha hospitali za watoto, vilitangaza kwamba afya ya akili ya watoto imefikia hali ya dharura ya taifa. Muuguzi aliyesomea dripu na oksijeni anakaa mlangoni akimlinda msichana wa miaka 14 asijidhuru, bila kuwa na tiba ya kumpa.

Tahadhari moja: ukiona kwamba hata nje ya kazi hakuna kinachokufurahisha, hamu ya kula imekwenda, au mawazo ya kifo yanakujia, usiuite uchovu. Hiyo huenda ni sonona, na inahitaji daktari mapema.

KlinikiMashinani (magharibi mwa Kenya)

Dadangu, nimesoma habari za piza nikacheka kidogo, unisamehe. Mimi ni afisa wa kliniki katika wodi ya watoto ya hospitali ya kaunti, na naona ni haki wasomaji wajue kwamba uchovu wa watu wa watoto ulikuwa na sura nyingine huku.

Kwetu wodi haikuwa tupu kwa sababu watoto walikuwa wazima. Ilikuwa tupu kwa sababu wazazi waliogopa hospitali, na kwa sababu kafyu iliyoanza Machi 2020 ilimkuta mama wa kijijini bila bodaboda wala matatu baada ya saa moja jioni. Mtoto mwenye nimonia aliyepaswa kuletwa usiku aliletwa asubuhi, midomo ikiwa imeshabadilika rangi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa wa kugawana. Hatukuwa na sheria ya mzazi mmoja, kwa sababu mama wa mtoto ndiye nusu ya uuguzi wetu: ndiye anayelisha, anayefuatilia dripu, anayetuita. Kama tungemtoa, wodi ingesimama.

Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na kuajiriwa kwa watumishi zaidi, na mwezi huohuo daktari kijana wa miaka 28 alikufa kwa korona baada ya kuhudumia wagonjwa wa ugonjwa huohuo kwa miezi bila mshahara. Kila mmoja wetu alijiona katika picha yake. Halafu Julai 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini makubaliano ya wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko, nami siwalaumu waliotamani kwenda, maana nimewasaidia wengine kujaza fomu. Ila wanaobaki huchoka mara mbili.

Mwalimu anasema tatizo liko kwenye mfumo, na nakubaliana naye, lakini mfumo hauji zamu ya usiku. Kilichotushikilia sisi ni jambo dogo lisilogharimu kitu. Mtoto akifariki, waliokuwapo hukaa pamoja kwa muda mfupi kabla ya kurudi kwa wengine, na mkubwa wa zamu haruhusu mtu kutafuta mkosaji wakati huo. Kutafuta kilichokosewa kuna kikao chake cha baadaye. Zamani mambo hayo mawili yalifanywa kwa pamoja, na kijana wa internshipu aliondoka akidhani ameua.

MsimamiziWaZamu (Texas)

Mimi niko upande usiopendwa: nasimamia wodi ya watoto, na mwaka jana ni mimi niliyeagiza piza. Bajeti ya piza ilikuwa mkononi mwangu. Bajeti ya kuajiri haikuwa. Nasema hivyo ili watu wajue uamuzi unafanywa wapi.

Upungufu wa vitanda vya watoto Marekani haukuletwa na korona. Kati ya 2008 na 2018 vitanda vya wodi za watoto vilipungua kwa karibu asilimia 12, kwa sababu kitanda cha mtu mzima kinaingiza fedha zaidi. Watoto wengi hulipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo hulipa hospitali chini ya bima za binafsi. Hospitali za mijini midogo zikafunga wodi zao za watoto na kuwatuma wote kwetu. Janga lilipokuja, zile zilizobaki nazo zikageuza baadhi ya vitanda kuwa vya watu wazima, na si vyote vilivyorudishwa. RSV ya mwaka huu imetukuta hivyo. Juu ya hayo, wauguzi wa mikataba ya muda waliletwa kujaza mapengo, wakilipwa zaidi sana kuliko mwenyeji anayewaelekeza dawa ziko kabati gani. Sijawahi kuona kitu kilichovunja mioyo ya watu wangu kama hicho. Walioondoka wengi hawakuondoka kwenye uuguzi. Waliondoka kwenda kuchukua mikataba hiyo.

Kwa hiyo nakubali kwamba jibu kubwa ni idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi. California ilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, na huko muuguzi wa wodi ya watoto hapewi zaidi ya wanne. Septemba iliyopita wauguzi wapatao 15,000 wa Minnesota, wakiwemo wa hospitali ya watoto, waligoma kwa siku tatu, na idadi ya watumishi ilikuwa katikati ya madai yao.

Lililo ndani ya uwezo wangu ni madogo, lakini nimeyaona yakifanya kazi. Niliacha kuwatumia watu ujumbe wa kuwaomba zamu siku zao za mapumziko. Anayetaka zamu anajiandikisha mwenyewe. Hakuna anayewekwa kumlinda kijana wa afya ya akili zamu mbili mfululizo. Na niliwapa wauguzi uamuzi wa kuruhusu mzazi wa pili mtoto anapozidiwa, bila kunipigia simu. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo lililobadilisha nyuso za watu.

NesiWaUsiku

Nawashukuru nyote, na wewe Msimamizi nakushukuru kwa kujitokeza. Mwalimu, nimejichunguza kama ulivyoniomba. Upande wa tatu haupo: mtoto akiondolewa mashine ya kupumulia na kuanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, bado najua kwa nini nilikuja. Ila usiku mwingi hatufiki hapo, tunakimbia tu.

Sheria ya mzazi mmoja ndiyo iliyonichoma niliposoma. Nilikuwa nimeiweka mbali kabisa na habari ya uchovu wangu, kana kwamba ni ya mtu mwingine, na sasa naona ndiyo iliyonifundisha kutosikia. Nitaomba kikao na msimamizi wangu kuhusu mambo mawili, uamuzi wa mzazi wa pili na mzunguko wa kuwalinda vijana, kwa sababu hayo hayahitaji bajeti.

Nina swali la mwisho. Nataka kuomba likizo ndefu zaidi ya hii niliyochukua, na kumwona mtaalamu, lakini naogopa jina langu kufika kwenye bodi ya leseni. Nimekuja mbali mno kwa leseni hii.

MsimamiziWaZamu

Hofu hiyo ni ya wengi, tena imegharimu maisha. Daktari Lorna Breen wa New York alijiua Aprili 2020, na familia yake ilieleza kwamba aliogopa kupoteza leseni akijulikana ameomba msaada. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Machi 2022, nayo inatoa fedha za kulinda afya ya akili ya wahudumu, ila haikufuta maswali ya bodi za majimbo. Kwa hiyo soma maneno yenyewe ya fomu ya bodi yako. Kuna tofauti kubwa kati ya kuulizwa kama una hali inayokuzuia kufanya kazi kwa usalama sasa, na kuulizwa kama umewahi kutibiwa. Kumwona mshauri pekee hakupelekwi kwenye bodi.

Kuhusu likizo: sheria ya likizo ya familia na matibabu hukupa hadi wiki 12 bila malipo huku kazi yako ikilindwa, kama umefanya kazi hapo mwaka mmoja na saa zisizopungua 1,250 katika miezi 12 iliyopita, kwa mwajiri mwenye watumishi 50 au zaidi. Lakini angalia alichokisema Mwalimu: uchovu wa kazi hauhesabiwi kuwa ugonjwa, kwa hiyo ukiandika neno hilo peke yake kwenye fomu unaweza kukataliwa. Daktari wako anapaswa kukuchunguza na kuandika hali anayoithibitisha, iwe ni sonona, wasiwasi au kukosa usingizi, na muda anaoona unahitaji. Fomu ipeleke ofisi ya rasilimali watu, usimpe msimamizi wako. Msimamizi hana haki ya kujua ugonjwa. Anapaswa kujua tarehe tu.